Kufundisha Uandishi wa Notisi kwa Visasili vya Ugiriki
Chagua kisasili kimoja tu, kwa mfano cha Persephone, binti wa mungu wa kike Demeter, aliyetekwa na Hades, mungu wa kuzimu, kwa kuwa mwanafunzi anayepewa miungu kumi na wawili kwa mpigo huishia kunakili kitabu kizima. Wanafunzi wasome mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Kisha wafunike ukurasa na kuandika, kwa maneno yao wenyewe, nani alitenda nini na kwa sababu gani.

Faida hasa huonekana wanapolinganisha vyanzo. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, Persephone anakula punje moja ya komamanga na kukaa kuzimu theluthi ya mwaka. Katika Metamorphoses ya Ovid, mshairi wa Kirumi, punje ni saba na muda ni nusu mwaka. Aliyeandika "alikula komamanga" pekee, bila kutaja chanzo pembeni, hawezi kuiona tofauti hiyo, na hapo huelewa, pasipo kuhubiriwa, kwa nini kila notisi hudai chanzo chake. Majina yanayochanganya (Demeter wa Wagiriki ndiye Ceres wa Warumi) yatengewe safu.

Siku inayofuata, wasimulie kisasili wakitazama notisi tu; simulizi inapokwama, ndipo pa kurekebisha.