Kabla hujapakia mayai ya kutotolesha kwenye basi

Natotolesha mayai ya watu kwa malipo hapa Dar es Salaam. Kila wiki napokea maboksi kutoka Singida, Dodoma, Morogoro, Iringa, na nimeona watu wazima wakilia mbele ya mashine. Wengi wao wanapopokea mzigo huangalia kitu kimoja tu: yamepasuka mangapi? Yai linaweza kusafiri kilomita mia saba bila hata ufa na likawa limeshaharibika. Kwa hiyo haya yazingatie kabla hujatuma hela.

Muulize muuzaji majogoo wake wako wangapi. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha. Akikuambia ana mmoja kwa thelathini, nunua ya kukaanga.

Mayai yawe na umri wa siku zisizozidi saba siku yanapoingia mashineni, safari ikiwemo ndani ya hesabu. Mwambie aandike tarehe kwa penseli juu ya kila yai. Anayekataa kuandika tarehe ana sababu.

Yasioshwe. Ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu kupenya, na maji huuondoa. Yenye kinyesi kingi yaachwe hukohuko, pamoja na marefu kupita kiasi, ya duara na yenye ganda jembamba.

Yasiwekwe kwenye friji. Chumba chenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 ndicho kizuri. Kwa wasio na kipimo, sehemu ya nyumba iliyo na kivuli mchana kutwa.

Kufunga ni hivi. Trei za karatasi, siyo za plastiki, kwa sababu za karatasi zinameza mtikisiko. Ncha iliyochongoka chini, upande butu juu, maana chumba cha hewa kiko huko juu na kikikandamizwa kinabanduka. Kila yai livikwe kipande cha gazeti au tishu ili lisicheze ndani ya shimo lake. Juu ya trei ya mwisho weka trei tupu, funga zote kwa kamba, kisha zishushe kwenye boksi gumu lenye maranda chini na pembeni. Ukimaliza, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia chochote kinagonga, fungua uongeze maranda. Toboa matundu ya hewa. Andika kwa maandishi makubwa pande zote nne: MAYAI YA KUTOTOLESHA, USIGEUZE, USIWEKE MZIGO JUU.

Sasa jambo ambalo watu hawaliulizi: boksi litakaa wapi ndani ya basi?

Dada mmoja wa Mbagala aliagiza trei tano kutoka Singida, kuku wa kienyeji wazuri, wakati wa joto. Boksi alilileta kwangu likiwa safi na tukalifungua pamoja. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Alifurahi mpaka akampigia muuzaji simu palepale kumshukuru, na mimi nikamsifu yule mtu kwa ufungaji wake. Yakaingia mashineni. Siku ya saba nikayamulika kwa taa kuona ndani, akiwa amesimama pembeni yangu. Yai zima la siku saba linajulikana: katikati kuna doa jeusi linalochezacheza, na mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwake kama mizizi. Yai la kwanza, hakuna. Kulikuwa na pete nyembamba ya damu, imekaa peke yake ukingoni, na ndani yake peupe. La pili, pete. La tatu, peupe kabisa. Tulipofika trei ya pili alikuwa ameshaacha kutazama, amekaa chini kwenye ngazi.

Kwanza alinilaumu mimi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini mashine ileile ilikuwa na mayai ya watu wengine, yameingia siku hiyohiyo, na yao yalikuwa na mishipa. Akamgeukia muuzaji. Yule akaapa, na wateja wake wengine wa wiki ile walikuwa wamepata mayai mazima. Ndipo tukampigia utingo. Akajibu kwa upole kabisa: "Dada, nililiweka kule nyuma karibu na injini, ndiko kulikokuwa na nafasi, tena nilihakikisha halibanwi na kitu." Mabasi yetu mengi ya safari ndefu yana injini nyuma. Buti inayopakana nayo inachemka kutwa nzima.

Elewa kinachotokea. Yai linapotagwa, kifaranga kimeshaanza kuumbwa tumboni mwa kuku. Baada ya hapo ubaridi unakilaza. Joto likipanda kukaribia nyuzi 27, kinaamka na kuanza kukua. Kikiamshwa na injini halafu basi likafika, boksi likapoa usiku stendi, ukuaji unakatika njiani na kinabaki dhaifu. Ukikiingiza mashineni kinajaribu tena, kinafika siku ya pili au ya tatu, kinakufa. Ile damu iliyokwisha kutengenezwa inajikusanya na kuacha pete. Ganda zima, trei safi, na ndani hakuna kitu. Utingo alilinda ganda tu kwa sababu hakuna aliyemwambia kingine.

Basi mwambieni. Mtumaji aende mwenyewe stendi, aongee na utingo uso kwa uso, amwonyeshe buti ya katikati, mbali na injini na mbali na dumu za mafuta. Ongeza elfu kadhaa ukiweza. Chagua basi la usiku. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023 hakuna sababu ya mayai kupikwa na jua la mchana. Na anayepokea awepo stendi kabla basi halijafika. Boksi lisilale ofisi ya mizigo chini ya bati.

Kutoka stendi usitumie bodaboda. Mtikisiko wa barabara za mtaani unaweza kuharibu kazi yote ya njiani. Chukua bajaji, boksi mapajani.

Likifika nyumbani, usikimbilie mashine. Yapange kwenye trei, ncha chini, yapumzike chumba chenye ubaridi kwa saa 12 hadi 24. Yakitoka jasho kwa mvuke wa pwani, usiyafute. Yaache yakauke, maana ukifuta unasukuma uchafu kwenye vitundu vya ganda. Mulika kila moja. Lenye ufa wa unywele toa. Ambalo chumba chake cha hewa kinatembea ukiliinamisha, liweke wima na usiligeuze siku tatu nne za mwanzo. Mengine bado huanguliwa. Mayai ya safari mimi huwaambia wateja wayapigie hesabu ya nusu, yakizidi ni heri.

Usivushe mpaka kienyeji. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa bila kibali kutoka Kenya vilichomwa moto pale mpakani Namanga, na mwenye mayai asiye na kibali hana salama kubwa zaidi. Hata ndani ya nchi, muulize daktari wa mifugo wa eneo lako kuhusu vibali na magonjwa yaliyoko unakonunua. Yapo magonjwa yanayopita ndani ya yai lenyewe kutoka kwa mama, hivyo uliza afya ya kundi na chanjo, na vifaranga wa mayai ya mbali usiwachanganye na kuku wako wa zamani. Usitume hela yote kwa mtu unayemjua kwa picha tu. Anza na trei moja. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani anabeba hasara ya yaliyopasuka. Tunza picha ya stakabadhi na namba ya utingo. Na siku mzigo unaingia barabarani, mashine yako iwe imeshawashwa na joto limetulia, siyo ndio unatafuta fundi.