Kabla mji haujasaini mkataba wa maji kwa makazi mapya

Ombi la kujenga makazi mapya likifika mezani, huwa limeambatanishwa na karatasi inayosema kwamba mamlaka ya maji itahudumia eneo hilo. Mara nyingi ni barua fupi tu, lakini ndiyo inayowapa madiwani moyo wa kupitisha mradi, benki ikatoa mkopo na watu wakaanza kulipia viwanja. Ninamwandikia yeyote ambaye bado ana nafasi ya kuuliza kabla wino haujakauka: diwani, mjumbe wa kamati ya wakazi, mnunuzi wa nyumba, mhandisi kijana aliyepewa faili atoe maoni. Misingi ikishachimbwa na familia zikahamia, hakuna mji utakaothubutu kuwakatia maji watu elfu kumi kwa sababu hesabu ilikosewa. Upungufu utagawanywa kwa wote, na mkazi wa zamani, ambaye hakuulizwa, ndiye atakayeanza kuamka usiku wa manane kukinga ndoo.

Swali la kwanza ni chanzo. Mwendelezaji, yaani anayejenga makazi hayo, atapenda kuonyesha ramani ya mabomba, ukubwa wa tangi na mahali pampu zitakapokaa, na hivyo vyote ni vya lazima, ila bomba halizalishi maji. Uliza maji yanatoka mto gani, bwawa gani au visima gani, nani ana kibali cha kuyachota, kibali kinaisha lini, na ni nani wengine wanaokitegemea chanzo hicho, wa juu ya mto na wa chini yake. Kisha uliza kiasi kinachopatikana mwaka wa ukame, maana wastani wa miaka mingi huficha mambo. Mkataba wa mto Colorado wa mwaka 1922 ni funzo kubwa la jambo hili. Majimbo saba ya Marekani yaligawana mto kwa kutegemea vipimo vya kipindi ambacho mvua zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Bonde la juu lilipewa takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka na la chini kiasi hichohicho, na mwaka 1944 Meksiko nayo ikaahidiwa sehemu yake kwa mkataba mwingine. Jumla ya ahadi hizo inazidi maji ambayo mto umekuwa ukiyaleta kwa miaka mingi sasa, na miji iliyojengwa juu ya ahadi hizo bado inavutana.

Ikiwa chanzo ni kisima kirefu, usikubali muhtasari wa sentensi moja kwamba kisima kina uwezo wa kutosha. Omba taarifa kamili ya jaribio la kusukuma maji na uisome pamoja na mtu anayeielewa. Jaribio lenyewe ni rahisi kulifuatilia. Pampu huwashwa na kuachwa ifanye kazi mfululizo, saa 24 hivi kwa uchache, na saa 72 au zaidi kwa kisima kitakachotegemewa na watu wengi. Fundi hushusha kisimani utepe wenye kitambuzi kinacholia kikigusa maji, akaandika kina chake kila dakika mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi kadiri saa zinavyokwenda. Walioalikwa hutazama maji yanavyobubujika kwenye bomba la kutolea na kufurahi. Habari ya kweli iko kwenye daftari la fundi: je, kina kimetulia, au maji yanazidi kushuka? Pampu ikizimwa, vipimo havikomi. Huangaliwa maji yanarudi kwa kasi gani na kama yanafika pale yalipoanzia. Kisima ambacho maji yake hayarudi vizuri kinakula akiba, na akiba hiyo ni ya jirani pia. Kwa hiyo tazama kama visima vya jirani vilipimwa wakati jaribio likiendelea. Tazama na tarehe: jaribio la mwisho wa msimu wa mvua halisemi kitu kuhusu mwisho wa kiangazi.

Hesabu ya mahitaji nayo ifanywe mbele ya macho yako. Chukua nyumba 2,000, watu 5 kwa kila nyumba, lita 100 kwa mtu kwa siku. Kiwango hicho si cha anasa. Umoja wa Mataifa, ukitegemea Shirika la Afya Duniani, hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Jumla ni lita milioni moja, yaani mita za ujazo 1,000 kila siku. Taarifa nyingi za miradi huishia hapo, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mtandao unaopoteza asilimia 30 ya maji yake kwa mivujo lazima usukumiwe mita za ujazo 1,430 hivi ili 1,000 zifike kwenye nyumba. Tena watu hawatumii wastani. Siku za joto kali matumizi hupanda, na wahandisi huweka kizidisho, mathalani 1.5, kwa siku ya matumizi makubwa. Ukijumlisha vyote viwili unapata takriban maradufu ya namba iliyoandikwa kwenye ombi, na bado hujaweka shule, zahanati, maduka na bustani ambazo michoro inaonyesha zimejaa majani mabichi. Mtu akikuambia tofauti hiyo itafidiwa kwa kupunguza mivujo, mwombe ratiba na bajeti ya kazi hiyo. Kupunguza upotevu ni kazi nzuri kuliko zote katika huduma ya maji, lakini maji ambayo bado yanavuja hayawezi kuuzwa leo kwa mtaa wa kesho.

Kuna jambo moja linalosahaulika kuliko yote: ahadi zilizokwisha kutolewa. Mamlaka inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba ina ziada ya mita za ujazo 3,000 kwa siku. Je, ni miradi mingapi mingine imeshapewa barua juu ya ziada hiyohiyo? Viwanja vilivyopimwa miaka iliyopita na havijajengwa, eneo la viwanda lililoidhinishwa, chuo kinachopanua mabweni, wote hao wana karatasi zao kabatini. Kila mradi ukipimwa peke yake unaonekana unatosha. Ukiijumlisha, ziada imeshauzwa mara mbili. Dai orodha moja inayojumlisha ahadi zote kwa chanzo kimoja, iwekwe wazi na isahihishwe kila mradi mpya unapoingia. Kama orodha haipo, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuahirisha kura, na nisingeona aibu kulisema hilo mbele ya mkutano mzima.

Baadhi ya nchi na majimbo yameweka ndani ya sheria wajibu wa kuthibitisha kwamba maji yatatosha. California, kwa sheria mbili za mwaka 2001, inataka miradi mikubwa, kwa makazi ikiwa ni ya nyumba zaidi ya 500, ionyeshe kwamba maji yatatosha kwa miaka 20: mwaka wa kawaida, mwaka mmoja wa ukame, na miaka kadhaa ya ukame mfululizo. Arizona, kwa sheria yake ya maji ya ardhini ya mwaka 1980, inadai uthibitisho wa miaka 100 katika maeneo ambayo uchotaji wa maji hayo unasimamiwa. Juni 2023 serikali ya jimbo hilo ilitangaza kwamba eneo la Phoenix halitapewa tena vibali vipya vya namna hiyo kwa kutegemea maji ya ardhini peke yake, kwa kuwa mahesabu yalionyesha hayatatosha. Lakini sheria hiyo ina mwanya: masharti yanahusu ardhi iliyogawanywa viwanja sita au zaidi. Anayegawa viwanja vitano au pungufu hapitii mlango huo, na wapo waliogawa, wakauza, na wanunuzi nao wakagawa tena. Basi popote ulipo, uliza kama kiwango cha chini kinachoanzisha ukaguzi kinaweza kukwepwa kwa kuukata mradi vipande.

Rio Verde Foothills, mtaa ulio nje kidogo ya mipaka ya mji wa Scottsdale hukohuko Arizona, inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mamia ya nyumba huko hazikuwa na bomba wala kisima cha kutegemewa. Maji yao yaliletwa kwa malori yaliyojazwa kwenye kituo cha mji. Scottsdale ilikuwa imeshatoa tahadhari. Upungufu wa mto Colorado ulipotangazwa rasmi Agosti 2021, mji ulianza kutekeleza mpango wake wa ukame, na tarehe 1 Januari 2023 ukasitisha huduma hiyo kwa watu wa nje. Baadaye mwaka huo jimbo lilipitisha sheria ya kuwapatia maji kwa muda, wakati suluhisho la kudumu likitafutwa. Wenye nyumba walikuwa wanalipa bili zao. Walichokosa ni haki iliyoandikwa.

Kwa hiyo soma kifungu cha upungufu kabla ya kifungu kingine chochote. Utakuta maneno kama “mamlaka itatoa huduma kwa kadiri maji yatakavyopatikana” au “bila kuathiri wateja waliopo”. Maneno hayo yanasikika ya busara, na yanaweza kuwa ya busara, iwapo yamefuatwa na namba. Mgao unaanza bwawa likifika kiwango gani? Nani anatangaza? Nani anapunguziwa kwanza, bustani na mabwawa ya kuogelea au majiko ya watu? Je, mtaa mpya na wa zamani wanapunguziwa kwa asilimia sawa? Februari 2018 Cape Town ilishusha kikomo hadi lita 50 kwa mtu kwa siku baada ya miaka mitatu ya mvua haba, na mji ukavuka bila mabomba kufungwa. Utaratibu wa hatua kwa hatua unaandikwa bwawa likiwa limejaa, wakati kila mtu bado ana subira ya kusikilizana.

Muda na bei vinakwenda pamoja. Mkataba wa mwaka 1962 kati ya Singapore na jimbo jirani la Johor, la Malaysia ya leo, unairuhusu Singapore kuchota hadi galoni milioni 250 kwa siku, zaidi ya lita bilioni 1.1, kutoka mto Johor hadi mwaka 2061, kwa bei ya seni 3 kwa galoni 1,000. Uliruhusu bei ipitiwe upya baada ya miaka 25. Mwaka 1987 ulipita bila bei kubadilishwa, na tangu hapo pande mbili hazikubaliani kama haki ya kuipitia bado ipo. Andika basi bei itapitiwa lini, kwa kanuni ipi, na kitu gani kinatokea tarehe ikipita kimyakimya. Mkataba huohuo una somo jingine: bwawa la Linggiu, lililojengwa juu ya mto ili uchotaji uwe wa uhakika, lilishuka hadi asilimia 20 hivi mwaka 2016. Haki ya kuchota haikupungua hata tone, lakini bwawa lilikuwa karibu tupu. Angalia pia kama mkataba unaulazimisha mji kulipia kiasi fulani hata usipokitumia. Masharti hayo humsaidia muuzaji kupata mkopo wa kujenga mtambo, ila nyumba zikichelewa kujengwa, bili inaanguka kwa wateja waliopo.

Nani anajenga, na kwa mpangilio upi? Hapa sina mashaka: maji yatangulie, nyumba zifuate. Kibali cha kuhamia kitolewe kwa awamu, na kila awamu ifungwe kwenye kazi iliyokamilika na kupimwa, yaani tangi limejaa na presha imesomwa kwenye nyumba iliyo juu kuliko zote. Mwendelezaji aweke dhamana ya benki itakayotosha kumaliza kazi iwapo atafilisika katikati. Miundombinu ikikabidhiwa kwa mamlaka, iambatane na michoro ya mabomba yalivyolazwa kweli, maana fundi atakayetafuta valvu miaka kumi baadaye hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Mabomba yawe na muda wa uangalizi ambao mivujo inarekebishwa kwa gharama ya aliyejenga.

Majitaka usiyaache nje ya mazungumzo. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, kwa hiyo mita za ujazo 1,000 za maji safi ni mita za ujazo 800 za majitaka kila siku, na kama yanaelekea kwenye mashimo yaliyo juu ya visima vilevile vinavyouhudumia mtaa, mkataba unajichafulia chanzo chake. Ubora wa maji upimwe na maabara isiyolipwa na mwendelezaji, na chumvi, floraidi na naitreti ziwemo kwenye orodha. Zimamoto nao waulizwe kama presha na akiba ya tangi vinawatosha.

Nyaraka hizi zote, yaani kibali cha kuchota, taarifa ya jaribio la kisima, hesabu ya mahitaji, orodha ya ahadi na rasimu ya mkataba, ziombwe kwa maandishi mapema, na kikao kisipangwe kabla hazijapatikana na kusomwa na mtaalamu asiye na maslahi. Na barua ya huduma iwe na tarehe ya kuisha. Mradi usipoanza kujengwa ndani ya, tuseme, miaka mitatu, maji yaliyotengwa yarudi kwenye hesabu ya mji, na anayetaka kuendelea aombe upya kwa vipimo vya mwaka huo.