Kabla ya Kuanza Kuzunguka Roma Ukiwa Mwanafunzi: Mambo ya Kuzingatia

Anayesoma Roma kwa muhula mzima hana haja ya kukimbizana na saa kama mtalii aliyekuja kwa siku tatu. Muda anao. Kinachomkwamisha mara nyingi ni karatasi na kalenda: anafika dirisha la tiketi na kitambulisho kisichomsaidia, au anafika siku ambayo mlango umefungwa.

Tuanze na karatasi. Wengi hudhani kadi ya chuo inapunguza kiingilio kila mahali. Kwenye makumbusho na magofu ya serikali ya Italia mambo hayako hivyo. Tiketi ya euro 2 ni ya vijana wa miaka 18 hadi 25 walio raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mwenye pasipoti ya kwingine kwa kawaida atalipa bei kamili hata kama amesajiliwa chuo cha hapohapo Roma. Ila kuna nafasi ambayo wengi hawaijui. Wanaosoma usanifu majengo, uhifadhi wa urithi wa utamaduni, sayansi ya elimu, akiolojia au historia ya sanaa katika vyuo vya nchi za Umoja huingia bure wakionyesha cheti cha usajili cha mwaka huo wa masomo. Kama fani yako ni mojawapo ya hizo, kaombe cheti hicho ofisi ya usajili wiki ya kwanza kabisa, kabla foleni haijawa ndefu, na utembee na nakala yake. Makumbusho ya Vatican hayako chini ya Italia na yana taratibu zake: kule mwanafunzi wa hadi miaka 25 hupata punguzo kwa kuonyesha uthibitisho wa chuo.

Tiketi ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, huandikwa jina la mwenyewe, na mlangoni unaweza kutakiwa kitambulisho. Jaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa na marafiki. Nunua kwenye tovuti rasmi mapema, maana saa nzuri za asubuhi huisha haraka na walanguzi wapo wa kutosha. Tiketi hiyohiyo inakuingiza Forum, magofu ya katikati ya Roma ya kale, na kilima cha Palatine, na watu wengi huanza na Colosseum wakafika huko wakiwa hoi. Kwa maoni yangu, anza na Palatine na umalizie na Colosseum kama saa ya tiketi yako inaruhusu. Galleria Borghese, makumbusho ya sanaa, ni lazima kuweka nafasi, na unapewa saa mbili tu humo ndani.

Sasa kalenda. Jumatatu makumbusho mengi ya serikali hufungwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi hayo ya serikali ni bure kwa kila mtu, na hapo ndipo wanafunzi hukosea hesabu kwa kukimbilia Colosseum na kusimama juani nusu siku. Siku hiyo nenda Palazzo Massimo, makumbusho ya sanaa ya kale karibu na stesheni ya Termini. Humo mna chumba kizima cha michoro ya bustani iliyotolewa kwenye nyumba ya shamba ya Livia, mke wa mfalme Augustus: miti ya matunda, ndege, majani yanayoinama kama yamepigwa na upepo. Jumapili ya mwisho ya mwezi ni zamu ya Makumbusho ya Vatican kuwa bure, lakini mwisho wa kuingia ni saa sita na nusu mchana. Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na waumini uwanjani, usipange kuingia Basilika la Mtakatifu Petro.

Makanisa mengi hufungwa mchana kwa saa kadhaa, na hili huharibu ratiba kuliko mvua. Kanisa la San Luigi dei Francesi, lenye michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mathayo, halina kiingilio, kwa hiyo unaweza kupita kila wiki kwa robo saa. Weka sarafu mfukoni, kwani makanisa mengine yana kisanduku cha kuwashia taa. Beba mtandio au shati jepesi pia: mabega na magoti yafunikwe, hata Julai.

Miguuni vaa viatu vya soli nene. Mitaa ya katikati imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, vinateleza vikilowa na hukwanyua visigino. Maji usinunue. Mji una zaidi ya mabomba 2,000 ya chuma ya barabarani, yaitwayo nasoni, yanayotiririka mchana na usiku, na maji yake ni salama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitundu kidogo na utakunywa bila kuinama. Chupa tupu inatosha.

Kukaa kwenye Ngazi za Kihispania, zile ngazi maarufu za katikati ya mji, kumepigwa marufuku tangu 2019, na faini inaweza kufika euro 400, kwa hiyo mkate wako kaule kwingine. Kwenye metro na mabasi yanayojaa watalii, begi livae mbele, simu isikae mfuko wa nyuma.

Tiketi ya basi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ukipanda, na hudumu dakika 100. Mkaguzi hasikilizi kwamba ulisahau. Halafu kuna migomo ya usafiri, ambayo hutangazwa siku kadhaa kabla na mara nyingi huangukia Ijumaa. Mgomo ukiwa wa siku nzima, magari kwa kawaida huhakikishwa hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Siku kama hiyo chagua sehemu unayoweza kuifikia kwa miguu kutoka unakolala.