Wakili wa bure Malindi: panga bahasha kabla ya kupanda matatu

Kazi yangu ni kupiga chapa: barua, hati za kiapo, maombi ya kazi, na kadi za harusi msimu wake ukifika. Kwa kuwa nakaa karibu na mahakama, wengi hunijia na samansi, yaani karatasi ya wito wa mahakama, mkononi wakiuliza wakili ni pesa ngapi. Nikisema kuna msaada wa bure, wananiangalia kwa shaka. Upo, na uko kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ndiyo iliyoanzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, kwa ajili ya Wakenya wasio na uwezo, watoto, wakimbizi na wengine. Na si kwa walioshikwa na polisi peke yao. Shamba, mirathi, kazi, matunzo ya watoto, yote yamo.

Yasiyomo ni haya: kesi ambazo mwombaji wa msaada ni kampuni, kodi ya serikali, kudai deni, kufilisika na kuvunjiwa heshima. Kwa hiyo aliyekutukana kwenye grupu la WhatsApp utamshtaki kwa pesa zako. Deni lina mlango mwingine, yaani Mahakama ya Madai Madogo. Hiyo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisemea mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60.

Sasa, kabla ya kutafuta mtu wa kukusaidia, angalia tarehe. Mfanyakazi aliyefutwa ana miaka 3 ya kushtaki. Ajali na uzembe, miaka 3. Mkataba uliovunjwa, miaka 6. Shamba, miaka 12. Muda ukipita, hata wakili bingwa atakuonea huruma tu.

Kama wewe ndiye uliyeshtakiwa, muda ni mfupi mno. Samansi yenyewe imeandikwa siku ulizopewa za kuitikia wito, na baada ya kuitikia una siku 14 za kuweka utetezi. Usiikunje ukaifunga kwenye pembe ya leso ukingoja mjomba arudi safari. Ukinyamaza, mwenzako anaomba hukumu bila wewe, na anapewa. Inaweza kutenguliwa, lakini hapo unaanza kubembeleza mahakama. Nenda masijala siku hiyohiyo na hiyo samansi, useme huna wakili na unataka kuitikia wito.

Halafu bahasha. Tia kitambulisho, kila barua uliyopokea, mkataba kama upo, na risiti. Zile risiti za mashine za karatasi laini hufifia kwa joto letu hili, zitolee kopi mapema. Malipo ya M-Pesa yana taarifa yake. Piga *334# uiombe, kisha uichapishe. Ujumbe wa simu nao upige picha ukiwa unaonyesha namba na tarehe. Kesi ya shamba inataka pia namba ya kiwanja na matokeo ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ili ijulikane jina lililo kwenye taitoli ni la nani. Kwetu huku hilo ndilo linaloshangaza wengi: babu kazikwa hapo, minazi kapanda yeye, na jina ni la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Nikae hapo kidogo. Watu husikia "miaka 12" wakadhani kila aliyekaa sana kwenye shamba atapewa liwe lake. Anayeweza kuomba ni aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi, waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe. Ardhi ya serikali haimo. Na kama familia yenu imekuwa ikimlipa mwenye ardhi ijara, yaani kodi ya kiwanja, mlikaa kwa ruhusa, basi hoja hiyo ni ngumu kwenu na mtahitaji nyingine. Mwambie ukweli huo anayekusaidia tangu siku ya kwanza, kwa sababu upande wa pili watakuja na kitabu cha ijara. Kesi zenyewe husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iko hapa hapa Malindi.

Kisha andika ukurasa mmoja. Hapa ndipo ninapopata kazi ya ziada, maana watu huandika hivi: "Mimi ni mnyonge, nimedhulumiwa na tajiri, naomba serikali inione." Mtu wa msaada wa kisheria akisoma hapo hajui hata kesi ni ya nini. Andika hivi: "Nilianza kufua shuka hotelini Juni 2021. Nililipwa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Tarehe 4 Machi 2024 meneja aliniambia nisirudi. Sikupewa notisi wala barua. Nataka mshahara wa Februari, malipo ya notisi na cheti cha utumishi." Mistari mitano, na kila mmoja una karatasi ya kuuthibitisha au shahidi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua makubaliano ya mdomo, na mwajiri akishindwa kuleta maandishi ni juu yake kupinga unayodai.

Ukiwa na hivyo, anzia karibu. Afisa wa kazi na afisa wa watoto ni watumishi wa serikali na ushauri wao hauuzwi. Mambo mengi ya mshahara na matunzo huishia mezani kwao. Waislamu wenye shauri la ndoa, talaka au mirathi wana Mahakama ya Kadhi, ambako utajieleza kwa Kiswahili chako bila wakili. Mambo yakizidi hapo, Mombasa kuna FIDA Kenya, ya mawakili wanawake, kwa ajili ya akina mama, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanza 1973. Piga simu kwanza uulize siku wanazopokea watu wapya. Kila mwaka pia Chama cha Mawakili hufanya wiki ya kutoa ushauri bure kwenye mahakama. Ukiona turubai na meza uwanjani, sogea.

Wakili wa bure hafuti ada za mahakama. Ukishindwa nazo, Amri ya 33 ya Kanuni za Mashtaka ya Madai za 2010 inakuruhusu kuomba ushtaki kama maskini. Utaorodhesha mali yako na thamani yake, na ombi unalipeleka wewe mwenyewe. Usifiche ng'ombe. Ulizia pia gharama za upande wa pili, maana ukishindwa kesi unaweza kuagizwa uzilipe.

Na mabroka wa langoni, wale wa "nipe elfu mbili nikuunganishe na mtu wa ndani", waambie asante kaka, upite. Msaada wa bure hauna ada ya kuunganishwa. Wakili yeyote ana cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Msaidizi wa kisheria wa kijijini anatambuliwa na sheria na atakuelekeza vizuri, ila hawezi kusimama mbele ya hakimu badala ya wakili.

Ukikubaliwa, usitoke ofisini bila kuandika jina la anayeshughulikia shauri lako, namba ya faili na tarehe inayofuata. Ukibadilisha laini ya simu, wajulishe siku hiyo; ombi linaweza kutupwa kwa kuwa mwenyewe hapatikani. Wape kopi, na zile karatasi za asili zibaki kwako.