Kukusanya maoni ya wananchi kabla ya utafiti wa afya: mwongozo kwa timu za Nyanda za Juu Kusini

Maoni ya wananchi yana kazi pale tu ambapo bado kuna kitu cha kubadilisha. Timu nyingi hufika kijijini andiko la utafiti likiwa limeshapitishwa na kamati ya maadili, fomu zimechapwa na wadodosaji wameajiriwa, ndipo zinauliza watu wanaonaje. Hapo hata likisemwa jambo zito, kulirekebisha kunadai kurudi kwa kamati na ombi la marekebisho, na kwa kuwa muda wa fedha unakimbia, jambo hilo linaachwa. Ifanye kazi hii andiko likiwa rasimu, angalau miezi mitatu kabla ya kuliwasilisha.

Yanayobadilika na yasiyobadilika

Kabla ya kuondoka ofisini, kaa na mtafiti mkuu mgawe karatasi pande mbili. Upande mmoja andikeni yanayoweza kubadilika: siku na saa za mahudhurio, mahali pa kutolea sampuli, nani atembelee kaya, lugha ya fomu ya ridhaa, nauli, namna ya kurudisha majibu ya vipimo. Upande wa pili yasiyobadilika: dawa inayochunguzwa, vipimo vya usalama, idadi ya washiriki iliyotokana na hesabu za kitakwimu. Upande wa kwanza ukiwa na mambo mawili tu, usiwasumbue watu. Wananchi hutambua haraka sana wanapoulizwa jambo ambalo limeshaamuliwa.

Barua na ngazi

Kibali cha kitaifa cha maadili hutolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na ambayo ina kituo Mbeya. Uliza kwa maandishi kama mashauriano yenyewe yanahitaji kibali. Ukikusudia kuchapisha maneno ya wananchi kama matokeo, huo tayari ni utafiti.

Kisha zinafuata barua: Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi hubaki na nakala yake, kwa hiyo toka na nakala za kutosha zenye mhuri, na tenga wiki tatu hadi nne. Anayesahaulika ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu hana ofisi. Lakini ndiye anayegongewa mlango usiku na kuulizwa, "Mwenyekiti, hawa watu ni akina nani?" Asipokuwa na jibu, jibu litatungwa na mwingine.

Kalenda

Mbarali usiende Januari na Februari. Watu wako majarubani wanapandikiza mpunga. Milima ya Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo hesabu matope kwenye ratiba na kwenye nauli, maana bodaboda hupandisha bei utelezi ukianza. Kwa maeneo mengi ya nyanda hizi, Agosti hadi Oktoba ndicho kipindi chepesi: mahindi yameshavunwa na mvua bado. Juni na Julai, Makete na Mufindi ni baridi kali, na kikao cha saa 2 asubuhi utakikaa peke yako. Anza saa 4. Iringa na Njombe, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, unakwenda na mvua, na kikao cha wanaume kinachoanza saa 9 alasiri katika miezi hiyo hakina faida. Uliza pia siku ya gulio na siku za ibada, Wasabato wakiwemo.

Epuka kampeni. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho Novemba 2024, na mgeni mwenye gari na karatasi wakati huo huonekana wa chama fulani.

Nani aitwe

Mkutano mkuu wa kijiji, unaowahusu wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, ni wa kujitambulisha. Omba dakika 15, eleza mnakuja kufanya nini, jibu maswali, kaa chini. Usikusanye maoni pale: watasimama wanaume watano wa mstari wa mbele, wote watasema "karibuni sana", na wewe utaandika kwamba jamii imekubali.

Maoni yako kwenye vikundi vidogo, watu 8 hadi 10, dakika 60 hadi 90, mwongozaji mmoja na mwandishi mmoja. Tenga kina mama wenye watoto wadogo, wanaume, wazee, na wasichana wa miaka 18 hadi 24. Hao wa mwisho usiwachanganye na kina mama, kwani binti hawezi kusema lolote la maana mama mkwe wake akiwa kwenye benchi hilo hilo. Mtendaji asipewe kazi ya kuchagua wote. Waombe wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakuonyeshe pia kaya zilizo mbali zaidi na zahanati. Mtendaji na mganga wa zahanati wasikae ndani ya kikao. Wape heshima yao kwa mazungumzo ya peke yao ya nusu saa, maana nao wana mengi, hasa mganga, ambaye mzigo wa utafiti wako utamwangukia yeye.

Kwa watu wanaoishi na VVU, pita kliniki ya tiba na matunzo au Konga ya wilaya, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU, kamwe usipite kwa mwenyekiti. Karatasi ya mahudhurio isibebe jina la ugonjwa. Na hata katika vikundi vya kawaida, kumbuka utafiti wa kitaifa wa 2022–2023: maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Ukikaa na watu 10, chukulia kwamba yupo anayeishi na VVU. Mwongozaji anayesema "hao wenye virusi" amefunga mdomo wa mtu ambaye alimhitaji zaidi. Vivyo hivyo lishe: Iringa, mwaka 2022, takriban watoto 57 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ukifungua kikao kwa takwimu hiyo mbele ya kina mama, wataisikia kama lawama. Waulize kwanza siku ya mama inakwendaje wakati wa palizi, na mtoto anakula saa ngapi, na nani anamlisha.

Ndani ya kikao

Mwanjelwa, mjini Mbeya, Kiswahili kinatosha. Kwa wazee wa Uporoto, Rungwe au Kilolo, tafuta mwongozaji anayezungumza Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe mwenyewe. Mkalimani hula nusu ya muda, na watu huanza kuongea naye badala ya kuongea na wewe.

Swali "mnauonaje utafiti huu?" huleta "ni mzuri". Uliza tukio: "Mama mwenye mtoto wa miezi minne anaambiwa aje zahanati kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Nini kitamfanya aache?" Utasikia mto uliojaa, mume asiyeambiwa, siku ya kupanga foleni mashineni. Swali linalomhusu mtu mwingine humpa msemaji nafasi ya kusema yake bila kujianika.

Kupanga uzito wa mambo, tumia maharage. Andika au chora kila kikwazo kwenye kadi, weka bakuli mbele ya kila kadi, mpe kila mtu punje 5, na apige kura nyuma ya pazia la kanga. Kura ya kunyoosha mkono humfuata mzee wa kwanza kunyoosha.

Kama washiriki watagawanywa kwa nasibu, yaani kwa bahati kama kura, wengine wapate dawa na wengine wasipate, usieleze kwa maneno tu. Weka vikaratasi A na B kwenye kofia, kila mtu achote. Waliopata B watalalamika palepale: "Kwa nini mwenzangu apate dawa mimi nikose?" Acha walalamike, andika kila neno. Hayo ndiyo malalamiko yatakayowatoa washiriki kwenye utafiti, mwezi wa nne tangu uanze.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kisha mtu mmoja amweleze mwenzake aliyekuwa nje. Pale anapokwama au kubuni, weka alama. Sentensi hiyo iandikwe upya.

Damu

Kama utafiti utachukua damu, hapa usiharakishe. Hofu ya mumiani, wanaodhaniwa kunyonya watu damu, ni ya tangu enzi za ukoloni, na haiondoki kwa kuitwa ujinga. Leta mirija yenyewe watu waishike. Mirija mitatu ya mililita 4 ni mililita 12, karibu vijiko viwili vya chai na nusu; pima mbele yao kwa kijiko cha dawa ya maji cha mililita 5, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia maji matupu. Usitie rangi nyekundu, picha moja ya simu inatosha kuharibu mwaka mzima.

Sema damu inakwenda wapi, inapimwa nini, inatunzwa muda gani. Kama sehemu inasafirishwa nje ya nchi, taja nchi. Usafirishaji huo una mkataba wake unaohitaji idhini, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuficha, na watu wakija kuusikia kwa dereva hawatakuamini tena.

Daftari la maoni

Kila maoni yapate mstari wake: tarehe na kikundi, maneno kama yalivyosemwa, sehemu ya andiko inayoguswa, uamuzi, sababu, na mfuatiliaji. Mfano: "Kina mama, kitongoji cha juu. 'Gari lenye nembo likisimama kwangu, mtaa mzima utajua.' Sehemu ya ufuatiliaji wa kaya. Imekubaliwa: mhudumu aende kwa miguu, bila sare." Maoni hayo anaweza kuyatoa mtu mmoja tu, na yakawa mazito kuliko yaliyorudiwa na ishirini. Usihesabu midomo.

Majina yasiingie kwenye daftari. Orodha ya nauli ifungiwe peke yake, na sauti zirekodiwe kwa ridhaa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Nauli yenyewe itangazwe mapema, ipimwe kwa anayetoka mbali zaidi, na mwenyekiti asipewe mara mbili.

Kurudi

Ndani ya wiki 6 rudi kwenye vikundi vilevile na ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti: mlisema hivi, tumebadilisha hivi, hili hatukuweza kwa sababu hii. Safu ya "hatukuweza" ikiwa tupu, hakuna atakayeamini zile nyingine. Maombi ya maji na barabara yatakuwepo. Yaandikie barua kwa halmashauri, na nakala uiache kijijini.

Utafiti wa zaidi ya mwaka unahitaji bodi ya ushauri ya jamii, watu 10 hadi 15 waliopendekezwa na vikundi, asiwemo mwajiriwa wa mradi, wakutane kila miezi mitatu na waone kila dodoso kabla halijatumika. Gharama za bodi na za safari ya kurudi ziwe na mstari wao kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza. Bajeti inapopunguzwa, safari ya kurudi ndiyo hukatwa mwanzo, hivyo iandike pamoja na mafuta, posho za waongozaji na nauli za wanavikundi, isionekane kama nyongeza.