Jinsi ya kujua mwili umekataaje figo ya nguruwe: anza na saa

Kila ikitoka habari ya mtu kuwekewa figo au moyo wa nguruwe kule Marekani, group letu linawaka, huyu anasema "mwili umekataa", yule anasema si niliwaambia, na hakuna hata mmoja anaeuliza umekataa baada ya muda gani. Mi nikishajua muda nakuwa nimeshamaliza nusu ya kazi. (Habari za halali na haramu waulizeni masheikh, mi hapa niko kwenye damu tu.)

Kwa hiyo cha kwanza angalia saa. Kama ni dakika au masaa tu toka damu iingie, hiyo ni sukari. Sio ya chai. Seli za nguruwe kwa nje zimepakwa sukari moja inaitwa alfa-gali, ng'ombe anayo, mbuzi anayo, ila binadamu hatuna, sokwe hana, na nyani na tumbili wa huku kwetu nao hawana. Sasa bakteria wa tumboni mwetu wanayo, kwa hiyo toka utotoni mwili umeshaizoea kama adui na kingamwili zake, yaani protini za kinga zinazomkamata adui, zimejaa kwenye damu hata kama hujawahi kumgusa nguruwe maishani. Fikiria mtu wa grupu O kaongezewa damu ya B, ni ugomvi wa namna hiyo hiyo, na kwa kweli hiyo sukari na ile ya grupu B zinafanana sana.

Kinachotokea kinatisha. Madaktari wanafungua mshipa, figo inajaa damu inakuwa pinki nzuri kabisa, alafu kingamwili zinang'ang'ania kuta za vimishipa vidogo, zinaita protini za damu zinazoitwa komplimenti, hizo zinatoboa kuta, damu inavuja huku nyingine inaganda, na figo inaanza madoa, inakuwa zambarau, inavimba, inakuwa nyeusi, mkojo hakuna. Hapo hakuna dawa ya kuwahi.

Ndo maana cha pili unatafuta neno mkojo. Ukisoma figo ilitoa mkojo siku ile ile na ikaendelea, aina hiyo ifute kichwani. Nguruwe wa kwanza waliozimwa nakala zote mbili za jeni ya hiyo sukari walizaliwa 2002, na Septemba 2021 pale hospitali ya NYU Langone, New York, figo ya nguruwe wa hivyo iliunganishwa kwenye mishipa ya paja la mtu ambae ubongo ulishakufa, ikakaa nje ya mwili wanaitazama masaa 54, mkojo unatoka na rangi haijabadilika.

Kama ni siku au wiki, hapo usitoe hukumu haraka, tafuta biopsi, yaani kile kipande cha figo kinachokatwa na kupimwa, ilisema nini. Seli nyeupe zikikutwa zimeingia mpaka kwenye vijibomba vya figo, hizo ni seli T, askari wa kinga wanaoshambulia wenyewe bila kingamwili, na mara nyingi steroidi (dawa za kutuliza kinga) na dawa nyingine zinazituliza. Zikikutwa alama za komplimenti kwenye vimishipa, basi ni kingamwili zimerudi, na huo ugomvi ni mgumu zaidi. Richard Slayman, aliewekewa figo ya nguruwe yenye marekebisho 69 ya jeni pale hospitali ya Massachusetts General, Boston, Machi 2024, siku ya 8 alipata hiyo ya seli T, wakaiwahi, ikatulia. Mwezi Mei akafariki na watu wakaandika "figo imemuua", kumbe ni moyo wake, figo ilikuwa inachapa kazi.

Hapa ndo wengi mnapokosea, mgonjwa kufariki au kiungo kutolewa sio lazima mwili umekataa. Lisa Pisano, nae aliwekewa figo ya nguruwe, ikatolewa baada ya siku 47 kwa sababu pampu aliyowekewa kwenye moyo haikuwa inasukuma damu ya kutosha kufika kwenye figo, dalili za kukataliwa hazikuonekana. Na David Bennett, yule aliewekewa moyo wa nguruwe pale Baltimore Januari 2022, nguruwe wake alikuwa na marekebisho 10, akaishi miezi miwili, alafu wakakuta virusi vya nguruwe vilivyokuja na ule moyo. Hiyo sio ya kufunga kwa neno moja.

Ikiwa ni miezi, uliza dawa. Haya marekebisho ya jeni yote yanapunguza ugomvi tu, hayajaumaliza, mgonjwa bado anameza vidonge vya kushusha kinga kila siku, na ukivizidisha maambukizi yanaingia, ukivipunguza kinga inaamka. Towana Looney wa Alabama alikaa na figo yake ya nguruwe siku 130, ilikuwa rekodi wakati huo, ikaja infeksheni isiyohusiana na figo, madaktari wakapunguza dawa ili mwili upambane nayo, na mwili ukapambana kweli, ila na figo pia. Aprili 2025 wakaitoa, akarudi kwenye dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu.