Amplifaya ya besi ya mtumba ina kasoro, uirudishe au ubaki nayo?

Usikimbilie sokoni Darajani, Zanzibar, kugombana na muuzaji, badilisha kwanza waya unaounganisha gitaa na amplifaya maana mara nyingi ubovu uko hapo. Ikiwa inakwaruza ukizungusha vifundo vya sauti basi ni kutu na vumbi tu, hewa yetu ya chumvi hii, fundi anapuliza dawa ya kusafishia inakaa sawa, baki nayo. Lakini izime, bonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukisikia inakwangua ndani ujue koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeharibika, hiyo rudisha siku hiyo hiyo. Na jamani someni nyuma imeandikwa volti ngapi, za Japani nyingi ni 100 na umeme wetu 230, ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeme umeshaiunguza wewe na muuzaji hakurudishii kitu.